Nia Aliyoitaja Baba

Baba alikubali kujifunza gemu la simu kwa sharti moja, kwamba nisimwambie mtu yeyote pale kigangoni. Alisema hivyo akiwa anapalilia karoti, bila kunitazama. Nikasema sawa. Mimi si msemaji, na baba analijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote, kwa hiyo nadhani sharti lile alikuwa anajiwekea mwenyewe.

Baba ni katekista. Padri anafika kwetu mara moja kwa mwezi, na mvua ikizidi hafiki kabisa kwa sababu gari haliwezi kupanda. Jumapili nyingine zote anayesimama mbele ni baba. Anasoma masomo, anafundisha kidogo, anaongoza sala, mwisho anasoma matangazo. Siku za wiki ni mkulima wa karoti na njegere kama watu wengine wa Mgeta, kwenye mashamba ya mteremko ambako ukiangusha kikapu unakwenda kukiokota kwa jirani wa chini. Mama alifariki nikiwa darasa la nne. Tulibaki watatu, baba, kaka yangu na mimi.

Zamani baba alikuwa adui wa gemu. Pale senta palikuwa na banda la mabati lenye televisheni mbili, vijana wanacheza mpira wa mashine kuanzia asubuhi, na aliyekuwa analiangalia banda lile kwa niaba ya mwenyewe ni kaka.

"Mnasukuma mpira usio na upepo," baba alikuwa anamwambia tukila. "Mtu anafunga mabao kumi, anasimama, hata kidole cha mguu hakijachafuka."

"Baba, njoo siku moja nikufunge," kaka anajibu.

"Mimi nilishafungwa na karoti."

Tulikuwa tunacheka wote. Ningependa kusema kwamba mambo yaliharibika polepole, lakini yaliharibika Jumapili moja, kwa maneno ambayo hayakuchukua hata dakika. Baba alimaliza kusoma tangazo la usafi wa kanisa. Badala ya kukaa aliendelea kusimama, akasema kuna vijana wanaoacha ibada na kwenda bandani kucheza. "Msidhani nasema watoto wa wenzangu," alisema. "Mmoja wao anakula kwenye sahani zangu."

Watu waligeuka kutazama benchi la vijana. Siku hiyo kaka alikuwa amekuja. Alikuwa amevaa shati lake la bluu, amelipiga pasi mwenyewe alfajiri, na alikaa akitazama mbele mpaka wimbo wa mwisho ulipokwisha. Kesho yake aliondoka juu ya lori la kabichi. Baadaye tulisikia yuko Turiani, anakata miwa msimu wa miwa na kulima mpunga wa watu msimu wa mpunga. Alibadilisha namba. Mimi alinipa mpya, akaniomba nisimpe baba, na mimi sikumpa. Ikapita miaka miwili baba hajasikia sauti ya mtoto wake.

Kumpigia kaka nilikuwa naona haya. Ni ndugu yangu wa tumbo moja, lakini kwenye simu maneno yananiishia kwenye salamu, halafu kila mmoja anasikiliza mwenzake anavyopumua. Ndipo kaka akanitumia gemu la drafti. Ni drafti hii hii ya kawaida, kete na vyumba vyake, ila ubao uko kwenye simu na mnayecheza naye anaweza kuwa popote. Chini ya ubao kuna mahali pa kuandikiana. Pembeni ya jina la mtu kuna kitone, kikiwa cha kijani ujue mwenyewe yupo, kikiwa cha kijivu ametoka.

Kwetu mtandao haushiki nyumbani. Unashika kwenye jiwe kubwa nyuma ya kanisa, na watu wengi hupanda pale saa kumi wakitoka shambani. Mimi nilikuwa nachagua upande usio na watu. Siku moja baba alinikuta hapo nacheka peke yangu.

"Unacheka na nani?"

Sikuweza kumdanganya. "Na kaka."

Alikaa chini polepole, akaweka panga lake pembeni. "Amesema nini?"

"Amesema kete zangu zimelala njaa, hazina nguvu hata ya kuvuka."

Baba hakucheka. Alisogea aone kioo. "Yuko hapo sasa hivi?"

"Yupo. Hiki kikiwa cha kijani, yupo."

Alikitazama kile kitone muda mrefu, mpaka kaka akaandika kwamba anakwenda kuoga na kikawa cha kijivu. Akachukua panga lake, tukashuka. Wiki iliyofuata ndiyo akasema habari ya kujifunza, na sharti lake.

Kumfundisha haikuwa kazi. Drafti yenyewe alitufundisha yeye, kwenye kipande cha mbao na vizibo vya soda, mimi nikiwa sijaanza shule. Simu ya kupangusa alikuwa nayo tayari kwa ajili ya kundi la jumuiya. Shida ilikuwa jina.

"Nikiweka langu atanikimbia," alisema.

"Weka jingine."

"Hilo si uongo?"

"Wewe si mkulima, baba?"

"Ni mkulima."

"Basi weka Mkulima."

Alifikiri, akakubali. Wakulima walikuwa wengi mno kwenye gemu lile, ikabidi tuongeze tarakimu mwishoni. Nikamtafuta kaka kwa jina analotumia, nikamtumia ombi la mchezo, nikampa baba simu yake.

Baba ana mtindo wake. Mwanzoni kabisa mwa mchezo anakulisha kete ya pembeni, unaila ukifikiri mzee haoni vizuri, halafu anakula zako mbili. Alifanya hivyo siku ile ya kwanza. Kaka akaandika, "Mzee, hii umejifunza wapi?"

Baba aliniangalia kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi mfukoni. "Amejuaje mimi ni mzee?"

"Vijana wote wanaitana mzee siku hizi, baba."

"Nimjibu nini?"

"Mwambie shambani."

Akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi. Shambani. Kaka akajibu kwa kicheko.

Wakaanza hivyo. Kuanzia mwezi wa karoti mpaka wa njegere, karibu kila siku saa kumi, baba alikuwa anapanda kwenye lile jiwe na mimi namfuata. Kuna mama mmoja jirani alitutania kwamba siku hizi katekista anasalia kileleni kama manabii. Baba akamwambia huko juu kuna hewa.

Hakumuuliza kaka kitu chochote. Alisema akimuuliza atamfukuza. Alikataa pia kumtaja Mungu kwenye maandishi, maana aliona atajulikana upesi. Siku moja kidole kilishaandika Tumsifu, salamu yetu ya kanisani, kwa mazoea, nikamshika mkono kabla hajatuma, tukacheka mpaka machozi. Lakini alikuwa anaona mengi kwenye ubao. Alikuwa anasema, "Leo amechoka, anacheza upande mmoja tu," au, "Leo amekula vizuri, ana subira." Tukishuka alikuwa anaongea zaidi ya kawaida yake. Siku moja aliniambia alikosea juu ya gemu.

"Si yote," alisema. "Ule mpira mpaka leo siuelewi. Ila nilidhani mtu anayecheza amekimbia watu. Kumbe wengine wanacheza ili wakae na mtu bila kuulizwa maswali."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi ni mmoja wao. 

Alasiri moja kitone kilikuwa cha kijani lakini kaka hachezi. Ilikuwa zamu yake. Baba alisubiri, akadhani mtandao umekatika. Ndipo maandishi yakaanza kuja chini ya ubao.

"Mkulima, una watoto?"

"Ninao wawili," baba akaandika.

"Mimi nilikuwa na mmoja. Amekaa siku tatu."

Baba alisimamisha kidole hewani. Maandishi yakaendelea kuja. Mtoto alikuwa wa kike. Walimzika Jumamosi. Hakubatizwa, hapakuwa na mtu wa kumbatiza. Mwenzake ambaye anaishi naye analia mchana kutwa, na kwao hawajui lolote, hata kwamba alikuwa mjamzito, kwa hiyo wamekaa kimya wao wawili. "Sijamwambia mtu," kaka aliandika. "Nimekwambia wewe."

Baba alichukua muda mrefu sana kuandika maneno matatu. "Pole sana, mwanangu."

Niliona lile neno mwanangu likienda, nikaogopa. Baadaye nikajiambia kwamba mtu mzima yeyote humwita kijana hivyo. Kaka akajibu asante. Halafu akasogeza kete. Wakamaliza mchezo, na baba alishindwa.

Kwa mtu mwingine labda jambo la ubatizo lisingekuwa kubwa kama kifo chenyewe. Kwa baba yote mawili yalikuwa jambo moja. Katekista anaruhusiwa kubatiza mtoto aliye hatarini ikiwa padri hayupo, na baba amefanya hivyo mara kadhaa. Ameitwa zahanati akiwa na matope ya shamba miguuni, akachukua maji kwa kikombe cha chai, akambatiza mtoto wa mtu. Wengine kati yao wamepona, sasa wanakimbia senta na wanamwamkia shikamoo babu. Wa kwake mwenyewe hakuna aliyemmiminia maji.

"Angeniita ningeshuka kwa miguu," alisema siku ile. Siku ya pili akasema tena vile vile, kama hajawahi kusema. Chakula alikuwa anakigusa na kukiacha.

Siku ya tatu ilikuwa Alhamisi, siku ya jumuiya. Jumuiya yetu ni nyumba kumi na tano za jirani, tunasali pamoja kwa zamu nyumba hadi nyumba. Baada ya somo kila mtu anataja nia yake, yaani jambo analoomba wenzake waliombee. Mmoja anataja mguu wake, mwingine mtoto anayefanya mtihani, mwingine mvua. Zamu ile tulikuwa nyumbani kwa katibu, mama mchangamfu anayetunza daftari letu na kundi letu la simu. Baba hutaja nia ya mwisho, kwa kuwa ni kiongozi.

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Nilimwona anavyovuta pumzi, nikajua. Nilikuwa na nafasi ya kukohoa, kumwita nje, kufanya chochote. Sikufanya.

"Tumwombee mtoto mchanga wa kijana wangu aliyeko Turiani," baba alisema. "Amefariki bila ubatizo. Na wazazi wake tuwaombee." Hapo akaanza kulia. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwona baba akilia, hata kwenye mazishi ya mama.

Wanawake walimzunguka. Waliimba, walisali rozari nzima. Mmoja akauliza kwa upole, "Na mama wa mtoto ni wa wapi?" Baba akasema hajui, na kweli hakujua. Katibu akasema, "Si yule binti wa ng'ambo aliyekwenda kuvuna mpunga? Nilisikia wanaishi pamoja." Wengine wakaitikia kwamba na wao walisikia. Sitasema ni ng'ambo ipi, milima yetu ina mabonde mengi.

Kufikia jioni ujumbe ulikuwa kwenye kundi. Ulisema jumuiya inatoa pole kwa familia ya katekista wetu kwa kufiwa na mjukuu, na kwa kijana wetu na mwenzake, binti wa ng'ambo, Mungu awatie nguvu. Chini yake katibu aliweka picha ya kaka ya siku ya kipaimara, na mshumaa. Ijumaa asubuhi watu walikuja kwetu na kuni, unga, ndizi na maji. Wazee walikaa nje na baba. Walifanya yote ambayo mfiwa hufanyiwa, na walifanya kwa moyo mweupe. Ujumbe nao ulitoka kundi letu ukaenda la kwaya, ukaenda la akina mama wa parokia, na hiyo hiyo Ijumaa ukawa umevuka bonde.

Jumapili baada ya ibada nilipanda kwenye jiwe peke yangu. Kaka alikuwa ameniandikia kwenye gemu, asubuhi ile.

"Mdogo wangu, mwenzangu wamemchukua jana. Wamekuja kaka zake wawili. Ameondoka na kanga aliyojifunga, hata viatu hakuchukua. Watu wananipigia wanauliza kama nimekufa, wameona picha na mshumaa. Mwambie baba nilijua ni yeye tangu siku ya kwanza. Hakuna mtu mwingine anayelisha kete ile. Nilipomwambia habari ya mtoto nilikuwa namwambia yeye. Sikuwa naiambia jumuiya."

Kitone chake kilikuwa cha kijivu. Nilijaribu namba yake, haikupatikana.

Nilikaa na maneno yale siku nzima na usiku wake. Nilifikiri nimfiche baba, kwa sababu nilijua yatamuumiza mahali ambapo hapatapona upesi. Lakini kaka alisema mwambie. Jumatatu tulikuwa kijitoni tunaosha karoti za kupakia kwenye lori, baba anazikanyaga ndani ya gunia majini, mimi nazichambua. Nikamwambia kaka ameandika. Akatoka majini akasimama.

"Soma."

Nikasoma. Mimi husoma taratibu, na siku hiyo nilisoma taratibu zaidi.

"Rudia pale mwisho."

Nikarudia. Baba alibaki amesimama na suruali imekunjwa magotini, maji yanamchuruzika.

"Kwa hiyo alikuwa anajua."

"Ndiyo, baba."

"Siku zote zile."

"Ndiyo."

Akakaa juu ya gunia. "Nilikuwa nimeshampata," alisema.

Alijaribu kurekebisha. Alikwenda kwa katibu, ujumbe ukafutwa, na mama yule alilia, akasema yeye alidhani anasaidia. Baba akamwambia hana kosa, aliyesema ni yeye. Alivuka bonde kwenda kwa wazazi wa binti. Walimpa kiti, wakamsikiliza, wakasema binti amelala. Akakaa mpaka jua likaelekea kuzama, binti hakuamka. Akashuka Turiani mwenyewe, akarudi siku ya pili. Chumba alichopanga kaka kilikuwa na mtu mwingine. Mwenye nyumba alimwonyesha tu njia ya kwenda makaburini, na huko baba alisali kwenye vilima vidogo vyote vya udongo mpya, kwa kuwa hakujua ni kipi.

Jumamosi baada ya safari hiyo nilimkuta mezani anaandika kwenye karatasi ya matangazo. Alikuwa ameandika mistari mingi kuliko kawaida. Nikauliza ni nini.

"Kesho nitasimama niombe msamaha," alisema. "Nilimwaibisha mbele ya watu, mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili kwa uchungu. Nitasema yote. Nina haki gani ya kufundisha wengine kama hili nalinyamazia?"

Maisha yangu yote sijawahi kumkataza baba kitu. Nilishika ukingo wa meza.

"Usiseme, baba."

Akainua macho.

"Ukiomba msamaha mbele yao utakuwa umewaambia tena. Watajua ya gemu. Watajua alichoniandikia. Jioni itakuwa kwenye makundi."

"Basi nikamwombe wapi? Simwoni."

"Sijui."

"Na wao wananiona mtu mwema. Wananiletea kuni."

"Waache walete."

Alinitazama, nadhani alikuwa anashangaa kwamba ni mimi ninayeongea. Akaikunja karatasi, akaiweka mfukoni.

Jumapili nilikaa benchi la nyuma. Baba alisoma tangazo la mafundisho ya komunyo, la michango ya mbao, la ndoa moja inayotangazwa mara ya pili. Alipofika mwisho alinyamaza, na kanisa likasubiri, kwa sababu walishamzoea, huwa anaongeza neno lake. Niliona mikono yake imeshika meza ya masomo. Kisha akasema tusimame kwa wimbo. Watu waliokuwa wanatoka walisema afadhali, katekista ameanza kupata nguvu. Yeye alikuwa anawapa mkono mlangoni, mmoja mmoja, akiitikia tumsifu zao.

Mchana nilipanda nikamwandikia kaka. Sikujua nianzeje, nikaandika tu kwamba leo baba alitaka kusema kanisani na hakusema, na kwamba ilimgharimu. Niliongeza kwamba alikwenda makaburini, hakujua kaburi ni lipi, akasali kwenye yote.

Ujumbe huo hajausoma. Baba haniulizi kama amejibu. Ananiuliza kama nimepanda leo, na nikisema nimepanda, anaitikia kwa kichwa na kuendelea na kazi.